Nyongo Kumi na Saba

Aurore Lizotte alipanda ngazi ya dari na mtoto mgongoni, kichwani ana hesabu moja tu: kumi na moja. Dubu kumi na mmoja walikuwa wamepita mikononi mwake tangu msimu wa uwindaji ufunguliwe mwishoni mwa Agosti. Kila mmoja alimchuna mwenyewe, akamtoa nyongo taratibu kama mtu anayebeba yai, akafunga mdomo wa ule mfuko kwa uzi, kisha akaufungia kikaratasi chenye namba ya dubu huyo. Halafu akaitundika hapo darini ikauke. Mnunuzi angefika kesho asubuhi. Alichotaka sasa ni kuzishusha, azipange kwenye boksi, akamnyonyeshe mtoto.

Kwenye waya, karibu na bomba la moshi, zilining'inia nyongo kumi na saba.

Akazihesabu upya, safari hii kwa kidole. Kumi na saba. Zote za hudhurungi, zote zimesinyaa kama tini kavu, na hakuna hata moja iliyokuwa na kikaratasi.

Odette, binti yake wa miezi mitano, alipiga chafya begani kwake.

"Mjomba," Aurore aliita bila kupaza sauti. "Hebu panda huku kidogo."

"Ninakula," sauti ikajibu kutoka jikoni.

"Nimeona. Njoo na mkono mtupu."

Mjomba Rosaire, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa mwongozaji wa wawindaji tangu Aurore hajazaliwa. Yeye ndiye aliyejua dubu wa bonde lile wanapita wapi, ndiye aliyejaza mapipa ya chambo kwa donati zilizochacha, na ndiye aliyewapokea wageni kutoka kusini na bunduki zao mpya. Mgeni akishapiga dubu wake, akamsajili, akapiga naye picha, kilichobaki kilikuwa kazi. Na kazi hiyo, mwaka huu, ilikuwa ya Aurore: banda la kuchunia lilikuwa kwa jina lake, na leseni ya kuuza ngozi na viungo ilikuwa imegongomelewa ukutani kwa misumari minne.

Mzee alipanda, kipande cha ploye, ile chapati ya maji ya kwao, bado mkononi, kimepakwa siagi. Akatazama waya, akatabasamu.

"Umeona zilivyokauka? Ulikuwa umezitundika kule dirishani, kwenye unyevu. Zingeoza zote. Nikazihamishia huku kwenye joto. Hata baba yangu alikuwa anaanika hapahapa."

"Na karatasi zangu?"

"Karatasi inavuta maji, mwanangu. Inaozesha shingo ya mfuko. Nilizitoa."

"Ukazitupa?"

"Nitupe kwa nini? Mimi si mwendawazimu. Ziko salama, kwenye chupa ya haradali, zote kumi na moja." Akatafuna. "Zangu ni zile sita. Nilizileta ziuzwe pamoja. Wewe una leseni, mimi sina. Nikasema, basi, ukoo ni mmoja."

Aurore alishika nguzo ya dari.

"Zako ni zipi, Mjomba?"

Rosaire aliinua kipande cha ploye kuelekea kwenye waya, akakishusha, akakiinua tena upande mwingine.

"Twende chini," alisema. "Hapa hakuna mwanga."

*

Jikoni, Bibi Philomène, mama yake Rosaire, alikuwa amesimama mbele ya jiko la kuni akimimina uji wa unga kwenye kikaango cha chuma. Alikuwa na miaka tisini na bado hakuruhusu mtu mwingine apike ploye nyumbani kwake, kwa madai kwamba vijana wote huzigeuza, na ploye haigeuzwi.

Aurore alizimwaga nyongo zote kumi na saba mezani, juu ya gazeti. Chupa ya haradali akaiweka pembeni.

"Sasa kuna nini cha kununa?" Rosaire aliuliza. "Namba kumi na moja, nyongo kumi na moja. Chukua yoyote, funga namba yoyote. Nyongo haina uso. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe. Na wewe utamshitaki nani, wewe mwenyewe?"

"Mjomba, ile leseni imeandikwa jina langu. Ikiondoka, narudi kiwandani kukata viazi, zamu ya usiku, na huyu nitamwachia nani? Baba yake yuko msituni na lori kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Itaondokaje? Prentiss ananunua, anaondoka. Dola mia kwa kila moja. Amewahi kuuliza namba, huyo?"

"Sheria inauliza."

"Sheria," Rosaire alimwambia mama yake, kana kwamba Aurore hayupo. "Umemsikia? Msimu mmoja tu wa baridi wa darasa la Jumatano jioni, na sasa tuna jaji jikoni."

"Jaji anisogezee siagi," Bibi akasema.

Aurore akaisogeza. Darasa lile la sheria za wanyamapori hakuwa analionea aibu. Walikuwa wanne tu, maktaba ya shule, hita ikipiga kelele, naye tumbo la mimba limejaa hata hawezi kuisogelea meza. Pale ndipo alipojifunza kwamba katika jimbo lao mtu aliyepewa dubu kihalali anaweza kuuza ngozi, kucha, mafuta, hata nyongo, ila kila kitu kiwe kimefuatana na namba ya mnyama wake mpaka kwa mnunuzi. Na kwamba kuivusha nyongo hiyohiyo darajani kwenda Kanada bila kibali, Kanada ile pale ambayo unasikia kengele za kanisa lake, ni kesi. Mwanzoni aliona ni mambo ya karatasi tu, kama mjomba wake. Kisha mwalimu akauliza: je, nyongo isiyo na namba, ukiiweka mezani, inatofautianaje na ya jangili?

Hapo Aurore akamkumbuka dubu mmoja.

Miaka mitatu iliyopita Normand, mumewe, alisimamisha lori kwenye barabara ya magogo kwa sababu ya harufu, na Aurore alikuwa naye siku hiyo. Dubu jike, amekufa, amelala ubavu. Mkato mmoja tumboni, nyayo nne hazipo, nyongo haipo. Nyama, mafuta, ngozi, vyote vimeachiwa nzi. Chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Siku ile Aurore alisikitika kama mtu yeyote angesikitika. Baada ya kumzaa Odette, alipoamka alfajiri na nguo yake imelowa maziwa, picha ile ilimrudia tena, na safari hii ikakataa kuondoka.

"Nyongo ya yule dubu wa barabarani iliuzwa, Mjomba," alisema. "Mahali fulani iliwekwa juu ya gazeti kama hili. Mtu akasema, nyongo haina uso. Mimi namba ndiyo inayonitenga na mtu yule. Sina kitu kingine."

Rosaire aliacha kutafuna.

"Unanifananisha na majangili?"

"Nakuuliza zako zimetoka wapi."

"Dubu wa wateja wangu. Miaka ya nyuma. Halali kabisa, wamesajiliwa kituoni, jino limeng'olewa la kupimia umri, kila kitu."

"Zote sita?"

Kikaango kilikuwa kikitoa vimatundu vidogo juu ya unga, na Rosaire akavitazama kama anavihesabu.

"Tano," alisema.

"Na ya sita ni yule wa kibarazani," Bibi akamalizia, bila kugeuka. "Mwezi wa tano. Alivunja mlango, akala mbegu zangu za ndege na keki nzima. Mwanangu akampiga palepale kwenye zulia. Zulia lilifuliwa, damu haikutoka."

"Kujilinda kunaruhusiwa," Rosaire alisema haraka.

"Kunaruhusiwa," Aurore akakubali. "Halafu unampigia simu bwana nyama wa serikali, anakuja kumchukua. Ulimpigia?"

"Nilimzika vizuri. Nilimpa heshima zake."

"Ukamtoa nyongo kwanza."

"Ingeoza bure."

Aurore alimshusha mtoto mgongoni, akakaa, akampa ziwa. Alihitaji dakika hizo. Angeweza kuwa na hasira, na hasira ilikuwepo, lakini mzee huyu ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Aurore alikuwa na miaka tisa. Akamwambia, usiwe na haraka, dubu amekwisha kufa, haendi popote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekulia nyumba ambamo nyongo zote za familia zilitundikwa kwenye waya mmoja, na hakuna aliyewahi kuuliza ipi ya nani.

"Haya," alisema. "Unasema unazijua zako?"

"Nimeshika nyongo tangu kabla mama yako hajaolewa."

"Basi chagua. Weka zangu huku, zako kule. Ukichagua mara mbili na ikawa sawa mara zote mbili, nitafunga namba na nitakaa kimya."

Rosaire alinawa mikono kwa ajili ya shughuli hiyo. Alivaa miwani. Aliziminya moja moja, akazinusa, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na kila alipoamua alisema "yako" au "yangu" kwa sauti ya daktari. Kumi na moja kulia, sita kushoto. Aurore akachukua kipande cha mkaa kwenye jiko, akazitia zile sita alama ndogo chini ya uzi wa shingo, Rosaire akiwa amegeukia ukutani. Halafu Bibi akazichanganya kwa viganja vyake vyenye unga, akifurahia kama anayechanganya karata.

Rosaire akarudia. Safari hii alichukua muda mrefu zaidi. Alipomaliza, Aurore alisogeza nyuzi za zile sita.

Mbili zilikuwa na alama. Nne hazikuwa nayo.

Bibi, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka, akageukia kikaango chake.

"Mwanga mbaya," Rosaire alisema, lakini kwa sauti ndogo. Akavua miwani.

"Nitampigia bwana nyama, Hutchins," Aurore alisema.

"Aurore."

"Kabla Prentiss hajafika. Hutchins akija mwenyewe akazikuta, mimi ni mtu aliyeficha. Nikimwita, mimi ni mtu aliyekosea."

"Na mimi nitakuwa nani? Leseni yangu ya uongozaji, je? Miaka arobaini."

"Nitamwambia zimechanganyika na za zamani ambazo hazina namba. Hiyo ni kweli, na ni yangu kuisema, maana leseni ni yangu. Ya kibarazani ni yako. Sitaisema mimi, na akiniuliza sitamdanganya."

"Kwa hiyo unaniuza nusu."

"Sikuuzi, Mjomba. Siuzi kitu chochote kesho."

Rosaire akachukua kofia yake, akatoka. Pikapu iliunguruma uani, kisha ikapotelea kwenye barabara ya mashamba ya viazi. Bibi aliweka ploye ya moto kwenye sahani ya Aurore, akaikunja mara mbili.

"Kula," alisema. "Mwenye kunyonyesha hagombani akiwa na njaa."

*

Leland Hutchins, bwana nyama wa eneo lile, alifika saa moja na nusu asubuhi, buti zake zimelowa umande. Alikuwa mtu wa kusini. Wenyeji walizoea kumsema kwa Kifaransa mbele yake mpaka mwaka wa pili, alipomjibu padri kwa Kifaransa chake kibovu na watu wote wakaanza kukumbuka walichowahi kusema.

Aurore alimweleza wakiwa wamesimama bandani. Hakuzungusha maneno. Alimwonyesha vikaratasi kumi na moja, nyongo kumi na saba, na alama za mkaa.

"Kwa nini alama?"

"Tulijaribu kuzitambua. Tumeshindwa."

"Ungeweza tu kuzifungia namba," Hutchins alisema. Alimtazama usoni, si kwa ukali. "Sisemi ungefanya. Nasema hakuna ambaye angegundua."

"Najua."

"Nitazichukua zote. Hata zako."

"Najua hilo pia."

Alikuwa amelijua tangu jana, na bado alizihesabu moja moja zilipokuwa zikiingia kwenye mfuko wa plastiki. Dola elfu moja na mia moja za jasho lake, vidole vimepasuka kwa chumvi. Hutchins akatoa daftari.

"Hizi sita ni za nani?"

Aurore akafungua mdomo. Kabla hajasema, mlango wa banda ulisukumwa. Mjomba Rosaire aliingia amevaa kama wa kwenda kanisani: suruali ya Jumapili, nywele zimechanwa kwa maji. Hakumtazama mpwa wake.

"Zangu," alisema. "Tano ni za wateja, majina yao ninayo. Ya sita nilimpiga kwenye kibaraza cha mama mwezi wa tano, sikukupigia simu. Andika. Huyu msichana hakujua. Mimi ndiye niliyetoa karatasi zake, mimi ndiye niliyetundika. Andika na hilo."

"Kwa nini ulitoa karatasi?"

"Zinavuta maji."

Hutchins aliandika kwa muda. "Kweli, zinavuta," alisema hatimaye. Halafu akamweleza Rosaire kwamba dubu wa kibarazani atapelekea hati ya kuitwa mahakamani, na kwamba uongozaji wake utasimama mpaka siku hiyo. Rosaire akaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

Bwana nyama alizikagua ngozi. Zilikuwa nane, maana wageni watatu walitaka kubaki na zao. Aliinua kila moja, akasoma namba kwenye lakiri ya usajili, akalinganisha na kitabu cha Aurore. Alikagua kucha. Alikagua makopo ya mafuta, meupe kama theluji, kila kopo na namba yake kwenye mfuniko. Ilimchukua karibu saa nzima. Odette alilia, akanyonya, akalala, na Aurore alikuwa bado amesimama mahali palepale.

Hutchins akaenda ukutani. Aliisoma ile leseni kana kwamba hajawahi kuiona, mkono wake karibu na msumari mmoja.

"Kesho ukitoa nyongo nyingine, utaianika wapi?"

"Hapa bandani. Kwenye kabati la wavu nitakalolifunga kwa kufuli, na namba nitaichonga kwenye bati. Bati halivuti maji."

"Ufunguo?"

"Mmoja. Wangu."

Aliuondoa mkono ukutani. "Nitaandika nilichokikuta na nani aliniita. Wakubwa mjini wanaweza kukupa onyo la maandishi. Sidhani kama watafika mbali zaidi ya hapo, ila siwezi kukuahidi. Mpaka wakuandikie, endelea na kazi."

Alipoondoka, Aurore alifunga kitabu chake, akakiweka kwenye meza ya kuchunia.

Rosaire alikuwa bado mlangoni.

"Suruali hiyo itaingia mafuta," Aurore alimwambia.

"Ni suruali tu."

"Asante, Mjomba."

"Usinishukuru. Bado nimekasirika." Akavuta kigoda, akakaa. "Sikulala. Nilienda mpaka kwenye pipa la chambo la juu nikakaa humo garini. Nikajiuliza, hivi kweli sikuzitambua? Miaka yote nilidhani nazijua."

*

Prentiss, mnunuzi, aliingia uani saa nne, gari lake refu limejaa vumbi la barabara ndefu. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye pete mbili na sauti ya kuuzia. Aliposikia nyongo hazipo, uchangamfu ukapungua.

"Nyongo ndizo zilizonitoa nyumbani, mama. Ngozi kila mtu anazo mwaka huu."

"Njoo mwisho wa Oktoba. Zitakuwepo, na kila moja na namba yake ya bati."

"Mimi namba sijawahi kudai."

"Nitakupa bila kudaiwa."

Prentiss alizunguka zile ngozi, akapuliza manyoya ya moja yalale, akabinya ukingo wa nyingine. Zilikuwa safi. Hakukuwa na tundu la kisu hata moja, na chumvi ilikuwa imeingia mpaka kwenye masikio na midomo, mahali ambapo wavivu huacha paoze. Aliona. Aurore aliona kwamba ameona.

"Mia na ishirini kila moja," Prentiss alisema. "Kwa sababu ya usumbufu."

"Tulisema mia na sitini."

"Tulisema pamoja na nyongo."

"Tulisema ngozi mia na sitini na nyongo mia. Nilikuandikia. Nyongo sina, kwa hiyo hunilipi. Ngozi ninazo."

"Mia na thelathini na tano, na mafuta nayachukua pia."

"Mafuta siuzi kwa jumla. Kuna watu hapa bondeni wanayangojea, ya kupikia na ya kupaka buti."

Prentiss alicheka, akamgeukia Rosaire kama wanaume wanavyogeukiana. "Mzee, hebu zungumza na binti yako. Wewe na mimi tumefanya biashara miaka mingapi?"

Rosaire alikuwa anakuna doa la mafuta kwenye suruali yake ya Jumapili. Hakunyanyua kichwa.

"Mingi," alisema. "Na hukuwahi kunilipa mia na sitini. Leo ndiyo najiuliza kwa nini."

Prentiss akatoka nje kuvuta sigara. Walisikia mlango wa gari ukifunguliwa, injini ikiwaka. Rosaire alimtazama Aurore. Aurore aliendelea kusugua chumvi kwenye mkunjo wa shingo ya ngozi ya nane, mkono wake ukienda kwa mwendo uleule, mtoto mgongoni akisogea na kila msuguo. Alijua kuna wanunuzi wengine wawili wilaya ya pili, alijua ngozi yenye chumvi inaweza kungoja, na alijua pia kwamba wiki hii hakuna kitu kingine kitakachoingia nyumbani. Alisugua.

Injini ikazimwa.

"Mia na hamsini na tano," Prentiss alisema kutoka mlangoni. "Kwa ajili ya huyo mtoto."

"Mtoto hauzwi humu. Mia na sitini."

Prentiss akaanza kufungua vifungo vya koti atoe pochi. "Haya. Nani anapakia?"

Rosaire alishainuka. Alikunja ngozi ya kwanza manyoya nje, kama inavyotakiwa, akaiweka begani bila kuijali suruali. Kisha akasimama mbele ya meza ambapo Aurore alikuwa amefungua kitabu, akangoja.

"Soma lakiri kwa sauti," Aurore alimwambia, "niandike."

Mzee alivaa miwani yake, akaigeuza ngozi ielekee mwangani, akaanza kusoma namba, tarakimu moja moja.